Mchango wa Kanisa Uliingia Kwa Till ya Duka la Pombe

Jumapili, saa nne kasorobo asubuhi. Niko kejani Kangemi, nimelala, na simu inalia mara ya tatu. Naangalia, ni mwenyekiti wa vijana wa kanisa. Nikadhani ananiita ibadani, nikaiacha. Ikalia tena.

"Kevo, umeona websaiti ya kanisa?"

"Iko na nini?"

"Inauza gin."

Niliamka nikaketi.

"Si utani, bro. Pasta ametangaza linki mbele ya watu wote. Kuna mama wa viti vya mbele amefungua akapata chupa zimepangwa. Sai anaonyesha jirani yake."

Nikamwambia anipe dakika tano. Zilikuwa saa tatu, na hiyo ni shida ya kwanza tu. Ya pili na ya tatu zilichukua wiki nzima.

Naandika hii stori juu kila wiki kuna msee huniuliza vile mtu anaweza kuweka tovuti nne kwa seva moja, na mimi hujibu "ni rahisi tu." Na ni rahisi kweli. Lakini kuna mahali pamoja ndani ya huo urahisi panaweza kukuaibisha mbele ya watu mia mbili waliovaa suti. Afadhali usome hapa.

Soja wa Tom Mboya

Kwa wale wageni: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinilemea, nikachukua likizo ya mwaka mmoja nijipange, na huo mwaka haujaisha mpaka leo. Mathe alijua baada ya miezi minne. Sitaki kuongea sana kuhusu hiyo siku.

Huo mwaka nilikuwa town, nikivutia watu wateja kwa mlango wa jengo moja la eksibishen pale Tom Mboya Street. Kama hujawahi kuingia, hayo majengo yako hivi: mlango mmoja mwembamba barabarani, halafu ndani ghorofa nne za vibanda, na kila kibanda kimegawanywa watu wawili au watatu. Huyu ana viatu upande wa kushoto, yule ana wigi upande wa kulia, na kwa kona kuna msee wa kurekebisha simu. Kodi ya town huwezi kubeba peke yako, kwa hivyo watu hushirikiana nafasi.

Mteja anatoka Instagram. Anajua jengo, lakini hajui kibanda. Kitu kimoja tu yuko nacho ni jina: "Natafuta Shiko wa viatu." Na pale mlangoni kulikuwa na soja mmoja mzee, alijua majina yote. "Panda ngazi, ghorofa ya pili, kushoto, mlango wa buluu." Hakuwa anauza chochote. Kazi yake ilikuwa kusikia jina na kuonyesha njia.

Siku moja huyo mzee akaenda ushago, wakaleta soja mpya. Huyu hakujua majina. Lakini badala ya kusema hajui, kila mtu alimtuma kwa kibanda cha kwanza karibu na ngazi. Unauliza Shiko, unatumwa kibanda cha kwanza. Unauliza fundi wa simu, kibanda cha kwanza. Mwenye hicho kibanda alikuwa anamnunulia chai, na hiyo wiki aliuza vizuri kuliko mwaka mzima. Shiko alikaa siku tatu akijiuliza wateja wake wameenda wapi.

Shikilia huyo soja wa pili kwa akili. Tutarudi kwake.

Anwani moja, majina manne

Leo niko na wateja wanne: kanisa dogo hapa Kangemi, nasari moja ya Kawangware, mama anayeshona sare za shule town, na duka la pombe huko Uthiru. Kila mmoja ana jina lake la tovuti. Lakini zote ziko kwa seva moja ndogo ninayokodi, na hiyo seva iko na anwani moja ya IP.

Kwa nini moja? Kwanza, pesa. Lakini pia anwani zenyewe ni chache. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, IPv4, una anwani 4,294,967,296 pekee kwa dunia nzima. Zinasikika nyingi mpaka ukumbuke sisi ni zaidi ya watu bilioni nane, na kila mtu na simu yake. Ghala kuu la dunia liliisha Februari 2011. Huku kwetu Afrika, AFRINIC ndiyo hugawa, na tangu Januari 2020 hata kampuni ya mtandao ikiomba hupewa zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Kwa hivyo mimi wa Kangemi sitapata anwani nne juu napenda kujipanga.

Majina ni kitu tofauti. Majina hayaishi. Yale yetu ya .ke husimamiwa na KeNIC, pale Waiyaki Way, na unaweza kuwa na jina lako mwenyewe kwa bei ya pizza moja kwa mwaka. Jina ni lako. Anwani umekodi tu, na unaweza kuhama kesho.

Sasa, majina manne yanaelekeza kwa anwani moja. Mgeni akifika, seva inajuaje anataka nani?

Inajua kwa sababu mgeni anajitambulisha. Ukiandika jina la tovuti kwa simu yako, simu inauliza kwanza hilo jina linakaa anwani gani. Ikishajibiwa, inaenda kwa hiyo anwani na kubisha mlango, na kwa lile ombi lake kuna mstari mmoja umeandikwa Host, halafu jina ulilotafuta. Ni kama kufika mlangoni na kusema "natafuta Shiko." Zamani huo mstari haukuwa wa lazima, na kila tovuti ilihitaji anwani yake. Ni toleo la 1.1 la HTTP, mwaka wa 1997, lilisema kila ombi lazima lije na jina. Huo mstari mmoja ndio unafanya mimi na wewe tuweze kuishi kama vibanda vya Tom Mboya.

Soja wangu pale mlangoni ni programu inaitwa Nginx. Mrusi mmoja, Igor Sysoev, aliitoa mwaka wa 2004, na imejaa duniani. Kazi yake kwa seva yangu ni lango: inasikia jina, inaangalia orodha, inapeleka ombi kwa programu husika nyuma. Tovuti ya sare iko poti 3001, nasari poti 3002, na kadhalika. Wageni hawaoni hizo poti. Wanaona mlango mmoja tu.

Orodha yenyewe naiandika mimi. Kila tovuti ina faili yake, na ndani yake kuna mstari unaoitwa server_name. Pale unaandika jina. Jina likifanana na lile la Host, ombi linaingia. Rahisi, si nilikuambia?

Sasa swali ambalo sikujiuliza: jina lisipofanana na lolote, je?

Hapo Nginx hufanya kama soja wa pili. Haikatai. Kama hujaipa maagizo mengine, inampeleka mgeni kwa tovuti ya kwanza kwa orodha. Na faili zikiwa kwa folda moja, husomwa kwa alfabeti. Faili zangu zilikuwa: duka, kanisa, nasari, sare.

D ndiyo ya kwanza. Duka la pombe.

www

Nilihama seva Jumamosi usiku. Kule nilikuwa nimekodi awali walikuwa wananifanyia kila kitu, na bei ilikuwa imepanda, kwa hivyo nikajiambia nitajisimamia. Saa nane usiku nikamaliza. Nikaandika anwani ya IP kwa brauza, nikaona ukurasa umefunguka. Nikaandika jina la kanisa, likafunguka. Nikatuma meseji kwa kikundi: "Tuko hewani 🔥". Nikalala kama mfalme.

Mambo mawili sikuona. Ule ukurasa uliofunguka kwa anwani tupu ulikuwa wa duka la pombe. Mimi niliona tu kwamba kuna kitu kimefunguka, nikasema seva iko hai. La pili: nilipoanza kuandika jina la kanisa, brauza yangu ilinimalizia yenyewe, ikaweka www mbele, juu ndivyo nilikuwa nimezoea kulifungua.

Na kwa server_name ya kanisa nilikuwa nimeandika jina lenye www peke yake.

Kwangu mimi na wewe, jina likiwa na www na likiwa bila ni kitu kimoja. Kwa lango, hao ni watu wawili ambao hawajawahi kukutana. Kule kwingine walikuwa wanaunganisha hayo majina mawili kimyakimya, na mimi sikuwahi kujua kuna mtu anaifanya hiyo kazi.

Bango la mchango lilikuwa na jina bila www.

Nieleze ni mchango gani. Binti ya shemasi mmoja alikuwa anaingia upasuaji Jumatano. Kanisa lilikuwa limetengeneza bango la WhatsApp lenye picha yake, na chini linki: bonyeza hapa upate namba ya kulipia. Nilikuwa nimetengeneza huo ukurasa mimi mwenyewe, nikaweka na ka-mstari ka kijani kanachoonyesha pesa zimefika wapi.

Watu wakabonyeza. Jina bila www likafika langoni, lango halikulijua, likatuma wageni kwa faili ya kwanza. Na faili ya duka, kama zingine zangu zote, ilikuwa na agizo la kumhamisha kila anayekuja bila kufuli aende kwa jina kamili la duka, lenye kufuli. Kwa hivyo mgeni hakuona hata onyo. Simu ilimvusha moja kwa moja mpaka kwa tovuti halali ya duka la pombe, kufuli safi, kila kitu sawa.

Wale waliofungua ukurasa wa mbele waliona chupa. Hao walicheka au walikasirika, wakaniacha hapo. Shida ilikuwa wale waliobonyeza linki ya mchango yenyewe. Duka halina ukurasa wa mchango, kwa hivyo walipata ukurasa mweupe umeandikwa "Ukurasa huu haupo." Hakuna chupa hata moja. Na chini kabisa, kama kwa kila ukurasa wa hiyo tovuti: "Lipa kwa M-Pesa," na namba ya Till.

Umeona tunaenda wapi.

Watu tisa walilipa. Wengi ni kina shosho. Bango lilisema bonyeza, utaona namba, lipa. Walibonyeza, wakaona namba, wakalipa. M-Pesa iliwaonyesha jina kabla ya kuthibitisha, lakini lilikuwa jina la mtu, la mwenye duka, na wao wakadhani ni mweka hazina. Jumla Sh 6,700.

Kurekebisha

Nilipofungua lapi hiyo Jumapili, kwanza sikuona shida. Jina lenye www lilikuwa linafanya kazi vizuri. Nikaangalia kumbukumbu za seva, nikaona wageni wengi na kurasa walizotaka, lakini sio jina waliloulizia. Kumbukumbu za kawaida za Nginx haziandiki hilo jina mpaka uongeze mwenyewe. Nilikuwa naangalia daftari la soja ambaye anaandika saa na idadi ya watu, lakini haandiki walikuwa wanatafuta nani.

Mwishowe nikatumia curl. Ni programu ndogo ya kutuma maombi kutoka kwa skrini nyeusi, na inakuruhusu kuchagua jina la kutaja mlangoni. Nikataja la kanisa lenye www: kanisa. Nikataja la kanisa bila www: duka. Nikabaki nikiangalia hiyo skrini kama mtu ameambiwa bei ya jeneza.

Marekebisho yalikuwa neno moja. Niliongeza jina la pili kwa ule mstari wa server_name, nikaomba cheti cha kufuli kwa majina yote mawili, nikawasha upya. Nikampigia mwenyekiti: "Iko sawa sasa."

"Kevo, kwangu bado ni gin."

Hii ndiyo shida ya tatu, na ndiyo ilinifunza zaidi. Lile agizo la kuhamisha wageni lilikuwa la aina ya 301, maana yake "amehama kabisa, usirudi hapa tena." Simu zikiambiwa hivyo huamini na kukariri. Mara nyingine mtu akibonyeza ile linki, simu haiji hata kuniuliza. Inaenda yenyewe dukani. Nilikuwa nimerekebisha lango, lakini wageni hawakuwa wanapita langoni tena. Kuna 302, inayosema "kwa sasa pitia kule," na kwa kazi mpya ambayo hujaihakikisha, tumia hiyo. Ikikaa mwezi bila shida ndio uweke 301.

Huwezi kumpigia kila shosho wa Kangemi umfundishe kufuta kumbukumbu za brauza. Nilijaribu na wawili, mmoja akafuta picha za harusi ya mjukuu. Kwa hivyo tulitengeneza bango jipya lenye linki tofauti kabisa, anwani ambayo hakuna simu ilikuwa imeikariri. Hiyo ikafanya kazi saa hiyo hiyo.

Uthiru

Saa nane mchana nilipanda matatu hadi Uthiru kuona mwenye duka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Hakuna namna nzuri ya kumwambia mtu kwamba pesa zilizoingia kwake asubuhi ni za upasuaji wa mtoto.

"Mzee, samahani kukusumbua Jumapili."

"Kijana, keti. Nilikuwa najiuliza ni nani anakunywa saa nne asubuhi, tena ananunua ya mia mbili." Akanionyesha simu. Meseji tisa. "Nikasema labda watu wa hapa wameshikwa na shida."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akauliza mara mbili kama hiyo shida inaweza kutokea upande wa pili pia, wateja wake wapelekwe kanisani. Nikasema ndiyo, ingewezekana kama faili yake ingeanza na herufi ya nyuma. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu tukakaa na kalamu na karatasi, tukalinganisha meseji na majina niliyotumiwa na mwenyekiti, na akarudisha zote tisa, moja moja.

"Gharama ya kutuma ni yako," akaniambia. Nikalipa.

Jioni kukawa na kikao cha wazee wa kanisa. Pasta hakunigombeza. Ni mzee mmoja wa kamati aliinuka akasema, bila kuniangalia, "Hii ndiyo shida ya kupatia kazi mtu hakumaliza shule."

Nimekaa na hiyo sentensi. Kitu cha kwanza nilitaka kumjibu ni kwamba darasani kwetu, miaka miwili, hakuna mtu alitufundisha kuhusu lango na majina. Kweli kabisa. Lakini hilo halikuwa jibu. Digrii haingeongeza hilo jina kwa faili, na kukosa digrii hakukulitoa. Alikosea kuhusu shule. Kuhusu mimi hakukosea: sikuwa nimeangalia. Nilijaribu tovuti kama Kevo, mwenye lapi, anayejua www, anayeandika IP kwa brauza. Sikujaribu kama shosho mwenye bango.

Na nadhani hii ndiyo tabia yetu, sisi tuliojifunza wenyewe. Tunapenda sana kusema "tuko hewani." Ikifunguka kwetu, tunatuma moto kwa kikundi na kulala. Seva kuwa hai sio kazi. Kazi ni mtu kufika mahali alikuwa anaenda.

Nikainuka nikawaambia nilipokosea, neno kwa neno, na nini nimebadilisha. Hawakunifuta. Walipunguza malipo ya mwezi huo, na ilikuwa haki. Upasuaji ulifanyika Jumatano, na huyo binti sai yuko nyumbani.

Soja anayesema hapana

Kitu cha mwisho nilibadilisha ndicho nataka ukumbuke kuliko vingine vyote. Niliongeza faili ya tano, na nikaipa alama ya default_server. Hiyo faili haina tovuti. Kazi yake ni kupokea kila jina ambalo halimo kwa orodha na kufunga mlango. Kwa Nginx unaandika return 444, na inakata simu bila kusema chochote. Ukitaka kuwa na adabu unaweka 404. Lakini huko nyuma hapaelekezi kwa mtu yeyote. Hakuna tena kibanda cha kwanza.

Mwezi uliofuata nilimnunulia mathe miwani ya kusomea, nikaituma kwa boda kutoka town. Niliandika jina lake la kitambulisho, vizuri kabisa, pamoja na namba ya nyumba. Jamaa wa boda akanipigia kutoka kwa geti la ploti yao: soja amekataa, anasema hakuna mtu kama huyo hapa.

Mathe ameishi hiyo ploti miaka kumi na moja. Lakini pale anaitwa Mama Kevo. Hakuna mtu hapo amewahi kusikia lile jina lingine.

Zamani ningemkasirikia yule soja. Hiyo siku nilitamani kumwajiri. Hakulijua jina, na hakutuma miwani kwa nyumba ya kwanza karibu na geti ili mambo yaishe. Alisema hapana, na kwa sababu alisema hapana, nilipigiwa, na ndani ya dakika mbili tukajua shida iko wapi.

Jioni nilipita nikaongea naye, na akafungua daftari lake la geti. Pale kwa nyumba ya mathe akaongeza jina la kitambulisho, kando ya Mama Kevo. Mathe alikuwa amesimama hapo, na miwani mipya, akisoma.

"Kumbe hapa mimi najulikana kwa jina lako tu," akasema.

Sikujua nijibu nini. Tangu ile siku alijua nimeacha chuo, hatujaongea sana kuhusu majina, yake au yangu. Akaniambia niingie ndani, kuna chai.

Basi, kabla ulale leo: kama uko na tovuti, ya kwako au ya mtu, toa simu ambayo haijawahi kuifungua. Andika jina na www. Andika bila. Halafu andika anwani tupu uone nani anakufungulia. Kama ni mtu yeyote, una kazi ya kufanya usiku huu.